Kinachofika Mwilini: Mboga na Jamii ya Kunde kwa Mama Anayekoma Hedhi

Akina mama, akina dada, na akina baba wachache mliokubali kuketi nasi mchana huu hapa Kangemi, Nairobi, hamjambo. Soko liko hatua chache tu kutoka hapa, na tunaona wengi wenu mmekuja na vikapu. Vizuri sana, kwa sababu tuliyonayo leo yanaanzia kwenye vikapu hivyo.

Kwanza mwili wenyewe, kwa ufupi. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini mambo huanza kubadilika miaka kadhaa kabla. Hedhi inaruka mwezi, inarudi kwa wingi, usingizi unakatika saa nane za usiku, na joto linapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni hata katika baridi ya Julai. Chanzo ni homoni ya estrojeni inayopungua. Homoni hiyo ilikuwa ikichelewesha kumomonyoka kwa mifupa, na ilisaidia kuweka chini lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Ikipungua, mifupa hupoteza madini kwa kasi zaidi katika ile miaka michache ya mwanzo, lehemu hupanda, na mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani huhamia tumboni.

Chakula hakirudishi estrojeni, na anayewauzia unga wa kuirudisha anawauzia maneno. Chakula kinaweza kulinda mfupa, misuli, moyo na tumbo. Ila kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kilicho ndani ya sufuria si lazima kifike mwilini. Mama anaweza kula mboga kila siku na mwili wake usipate kitu, kwa sababu ya mboga aliyochagua, au maji aliyomwaga, au chai aliyoteremshia. Hapo ndipo tutakapokaa leo.

Tuchukue kalsiamu, madini ya mfupa. Mwanamke aliyepita miaka 50 hushauriwa apate kama miligramu 1,200 kwa siku. Ukitazama majedwali ya lishe, spinachi na terere zinaonekana kuwa hazina kubwa ya madini hayo. Tatizo ni kwamba zina pia kitu kiitwacho oksaleti, ambacho hushikana na kalsiamu tumboni, na vyote viwili vikatoka pamoja. Vipimo vilivyofanywa kwa spinachi vilionyesha kuwa mwili huchukua kama asilimia 5 tu ya kalsiamu yake. Kwa maziwa ni kama asilimia 30. Kwa majani ya jamii ya kabichi, na sukuma wiki ni mtoto wa ukoo huo, ni asilimia 40 na zaidi. Kwa hiyo ile sukuma tunayoidharau kuwa chakula cha kusukumia wiki inaupa mfupa zaidi ya spinachi inayouzwa kwa bei ya juu. Kanzera ni ya ukoo huo huo. Kabichi pia, ingawa kalsiamu yake ni kidogo.

Hatusemi muache terere au spinachi. Zina folati, ambayo ni aina ya vitamini B, zina vitamini A, na zinapika haraka. Tunachosema ni kwamba msizihesabu kuwa mboga za mfupa, na mzipike kwa njia yake: zichemsheni katika maji mengi dakika tatu hadi tano, mwage maji hayo, kisha mkaange. Sehemu kubwa ya oksaleti huyeyukia majini. Mwenye historia ya mawe ya figo azingatie hili zaidi ya wengine.

Sukuma ni kinyume chake kabisa. Hiyo usiichemshe ukamwaga, kwa sababu hakuna cha kukimbia, na vitamini C na folati ndizo zitakazokwenda na maji. Osha majani yakiwa mazima, kabla ya kukata. Ile sukuma ambayo mama mboga ameikata nyembamba kama nyuzi asubuhi, ikakaa hadi saa kumi na mbili jioni, imeshapoteza vitamini C nyingi, na huwezi tena kuiosha vizuri bila kuondoa iliyobaki. Muombe akupe majani mazima. Kata kwa upana wa kidole kidogo. Mashina usiyatupe: yakate madogo madogo, yatangulie sufuriani dakika mbili. Kwa watu wanne, mafuta kijiko kimoja kikubwa kinatosha. Kaanga kitunguu dakika mbili, weka nyanya mbili, zikilainika weka mashina, kisha majani, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Geuza dakika tano au sita bila kufunika. Ukifunika, asidi inayotoka kwenye majani inabaki ndani, na ndiyo inayofanya mboga igeuke rangi ya majani makavu.

Mnavu, mrenda, saga na majani ya kunde yana mambo yake. Wengi tumezoea kuyatia magadi ili yalainike na yabaki na rangi ya kijani. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1, na ni sodiamu tupu, sawa na kuongeza chumvi. Presha huelekea kupanda wakati huu wa maisha, na kipimo cha chumvi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote: chumvi, magadi na ule unga wa mchuzi wa pakiti. Ukali wa mnavu na saga tuuondoe kwa maziwa, kama wanavyofanya wenzetu wa Bonde la Ufa na Magharibi. Chemsha majani dakika kumi, punguza maji, mimina kikombe kimoja cha maziwa au malai kidogo, uache kwenye moto mdogo dakika nyingine kumi na tano. Ukali unatulia, na umeongeza kalsiamu ya maziwa kwenye sufuria hiyo hiyo. Unapochambua mnavu, ondoa vile vitunda vibichi vya kijani, kwa maana vina sumu.

Sasa tuje kwenye jamii ya kunde, na hapa mtuvumilie, tutakaa kidogo. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina kama gramu 15 za protini na karibu kiasi hicho hicho cha nyuzinyuzi. Protini ni ya misuli, ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga, na misuli ndiyo inayomshika mtu asianguke na kuvunja nyonga. Nyuzinyuzi huburuta lehemu nje na kusaidia choo, ambacho wengi wenu mmetuambia mlangoni kuwa kimekuwa kigumu.

Malalamiko tunayoyasikia kila mara ni mawili: yanamaliza gesi jikoni, na yanaleta gesi tumboni. Yote mawili yana sababu.

Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huu maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Hata ukiongeza moto namna gani, sufuria ya kawaida haiwezi kupita hapo, maji yatakauka tu. Ndiyo maana maharagwe yanayoiva haraka kule Pwani yanachukua saa mbili hapa. Sufuria ya presha ndiyo dawa, kwa kuwa ndani yake joto linapanda hadi 115 na zaidi. Maharagwe yaliyolowekwa huiva humo kwa dakika 20 hadi 25.

Kuloweka ni saa nane hadi kumi na mbili, maji mara tatu ya maharagwe. Chambua kwanza kwenye ungo, utoe mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Maji ya kulowekea yamwage, usiyapikie. Yamebeba sehemu ya ile sukari ambayo tumbo letu haliwezi kuimeng'enya, bakteria wa utumbo mpana wakaila na kutengeneza upepo. Pia kuloweka hupunguza fiteti, kitu kinachofunga madini ya chuma na zinki. Chumvi kidogo kwenye maji ya kuloweka haigandishi maharagwe kama inavyosemwa. Inasaidia ngozi ilainike.

Kinachogandisha ni nyanya. Hapa mezani tumeweka mabakuli mawili. Ni maharagwe ya mfuko mmoja, rosecoco, yaliyolowekwa usiku mmoja na kupikwa saa mbili kwenye majiko mawili sawa. La kushoto lilitiwa nyanya mwanzoni, la kulia lilitiwa maharagwe yalipokwisha kuiva. Mtu wa mbele, tafadhali bonyeza moja la kushoto kwa vidole. Mnaona, ngozi imekaza na ndani kuna unga mkavu unaopasuka vipande. La kulia linasagika lenyewe. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju huimarisha kuta za mbegu zisiachane. Kwa hiyo viungo hivyo vyote vingoje.

Sababu nyingine ya ugumu ni umri wa maharagwe. Yakikaa ghalani kwenye joto na unyevu, hufikia hali ambayo hayaivi hata ukiyapikia siku nzima. Rosecoco jipya lina rangi ya maziwa na madoa mekundu yaliyo wazi. La zamani limegeuka kahawia. Unaponunua kwa wingi kule Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka mjini, chukua robo kilo kwanza, pika, ndipo urudie gunia.

Tahadhari moja ambayo tungependa isisahaulike. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Inaharibiwa na mchemko mkali, haiharibiwi na joto la vuguvugu. Wanaotumia kikapu cha kupikia bila moto, na tunakisifu kwa kuokoa makaa, wasiweke maharagwe yakiwa yametokota kidogo tu. Yatokote kwa nguvu dakika 30 nzima juu ya moto, hasa kwa urefu huu wetu, ndipo yaingie kikapuni. Usipofanya hivyo, mtu anaweza kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula, na lawama ikaenda kwa nyama au maji.

Ndengu na kamande ni rahisi zaidi na ndizo tunazopendekeza kwa anayeanza. Kwa watu sita: vikombe viwili vya ndengu, chambua kwa makini kwa sababu vijiwe vya ndengu vinafanana nazo, osha, loweka saa nne kama una muda. Chemsha kwa vikombe sita vya maji dakika 35 hadi 40 mpaka zipasuke. Katika sufuria nyingine, mafuta vijiko viwili vikubwa, kitunguu kikubwa kimoja hadi kiwe rangi ya dhahabu, kitunguu saumu punje tatu, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, nusu kijiko cha manjano. Nyanya tatu, karoti moja iliyokwaruzwa. Mimina ndengu na maji yake, ponda theluthi moja kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, acha dakika kumi. Zima moto, ndipo uweke dania na maji ya ndimu moja. Ndimu ina kazi yake: vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mimea.

Chai hufanya kinyume chake. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula hufunga madini hayo. Ingoje saa moja. Hili linawahusu zaidi wale ambao hedhi bado inakuja, tena kwa wingi, kwa maana wanapoteza damu nyingi na wanahitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku. Ikishakoma, mahitaji hushuka hadi 8.

Githeri tunaipenda, lakini ile ya hotelini ni mahindi yaliyotembelewa na maharagwe. Nyumbani pima kikombe kwa kikombe, au maharagwe mawili kwa mahindi moja. Mahindi makavu yatangulie motoni saa moja. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, kijenzi kimoja cha protini, maharagwe yanayo, na mahindi yanalipa pale maharagwe yanapopungukiwa. Na njahi: huku kwetu hupikiwa mama aliyejifungua ili apate nguvu, kisha watoto wakikua zinasahaulika. Irudisheni mezani kwa huyo huyo mama akiwa na miaka 50.

Mmetuuliza kuhusu soya na lile joto la ghafla. Soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kidogo na estrojeni. Kwa baadhi ya wanawake hupunguza idadi ya vipindi vya joto, kwa wengine hazifanyi kitu, na huchukua wiki kadhaa kujulikana. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 38. Kundi moja lilikula mlo wa mimea wenye mafuta machache pamoja na nusu kikombe cha soya iliyopikwa kila siku kwa wiki 12. Vipindi vikali na vya wastani vilipungua kwa asilimia 84. Kundi ambalo halikubadilisha mlo lilipungukiwa kwa asilimia 42. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, na mlo mzima ulibadilika, kwa hiyo tusiipe soya sifa yote. Lakini nusu kikombe ni chakula tu, na kujaribu kwa miezi mitatu hakuna hasara.

Pika hivi: loweka saa 12, mwaga, suuza. Ziingize kwenye maji yanayotokota tayari, siyo baridi, ndipo ile harufu ya ubichi isitokee. Zinatoa povu jingi linaloweza kuziba kitundu cha mvuke, kwa hiyo sufuria ya presha isipite nusu, na tia kijiko cha mafuta. Dakika 40 hadi 45. Soya isiyoiva huzuia umeng'enyaji wa protini, basi ibonyeze: inapaswa kuvunjika kwa ulimi. Kinywaji cha soya cha pakiti chenye sukari nyingi hatukihesabu hapa.

Kifungua kinywa chetu cha Nairobi ndicho kina pengo kubwa: chai na mkate, au chai na mandazi, bila protini ya maana. Watu wa Pwani hula mbaazi za nazi asubuhi. Sisi tunaweza kula mbaazi au kunde zilizobaki jana pamoja na nduma au kiazi kitamu. Tuhesabu siku moja ya mama aliyekwisha kuzoea jamii ya kunde. Mbaazi kikombe asubuhi, gramu 11 za protini. Maharagwe kikombe mchana, 15. Ndengu kikombe jioni, 14. Maziwa au maziwa lala vikombe viwili, 16. Ugali wa ukubwa wa ngumi unaongeza kidogo. Tumefika kama gramu 60. Kalsiamu: maziwa yametoa kama 600, kikombe cha sukuma iliyopikwa 200 hivi, jamii ya kunde na kabichi kama 250. Jumla ni 1,050 hivi. Hapa tuseme ukweli: hata kwa maziwa bado tumepungukiwa kidogo, na bila maziwa, mboga peke yake hazifikishi 1,200 kwa urahisi. Asiyetumia maziwa azungumze na daktari au mtaalamu wa lishe.

Vikombe vitatu ni vingi kwa anayeanza. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza kila wiki, unywe maji. Tumbo huzoea kwa wiki mbili tatu.

Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla, kwa sababu vitamini K hugeuza nguvu ya dawa. Wa dawa za tezi la shingo wanywe dawa tumbo likiwa tupu, na soya na maziwa vikae mbali nayo kwa saa kadhaa. Mgonjwa wa figo apate ushauri kwanza kuhusu maharagwe na mboga. Na damu ikionekana tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hiyo si ya kutibiwa kwa chakula. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Kwa nyumba ya watu wanne, loweka kilo moja leo usiku. Pika kesho bila nyanya, gawa katika vyombo vya vikombe viwili viwili. Acha vipoe, lakini visikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji vitakaa siku tatu, kwenye friza mwezi mmoja na zaidi. Jioni unakaanga kitunguu na nyanya, unamimina, dakika kumi na tano chakula kiko mezani. Maswali tutayapokea tukiwa tunaonja. Bakuli la kulia ndilo la kula. La kushoto tunalirudisha motoni.